Jembe la Babu Lina Wenyewe



Mkoani kwetu Kagera, kule Katuruka, watu waliyeyusha chuma zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Leo jembe la marehemu babu tunaliacha lioze kwa kutu, mpini ukiliwa na mchwa. Tulisugue kwa mchanga, tulinoe kwa tupa, tulipake mafuta, tulitie mpini mpya. Ni zawadi njema kwa kijana anayeanza maisha.

Lakini tahadhari! Jembe hilo ni mirathi. Suratun Nisaa, aya ya 7, imewapa fungu wanaume na wanawake, mali iwe chache au nyingi. Basi kwanza tuwaombe ridhaa warithi wote, na shangazi zetu wakiwemo. Kutoa haki ya mwenzio si ukarimu, ni dhuluma.

Wabillahi tawfiq.