Mahali pa asali hapatangazwi

Testi zimeisha, sasa nina nafasi ya kubishana.

Kuna hoja inazunguka hapa hosteli: eti wazee wa kwetu Sikonge ni wachoyo, hawamwambii mtu walikotundika mizinga wala miti yenye nyuki iko wapi. Pori ni la wote, wanasema, na simu siku hizi ina ramani. Weka alama, tuma kwenye grupu, vijana wapate ajira. Mi nasema hapana.

Wawindaji wa upinde kule Marekani wana ugomvi huu huu. Anayemwinda elki, yule mnyama mkubwa mwenye pembe za matawi, lazima amsogelee mpaka mita 40 hivi au chini. Bonde lenye wanyama waliotulia ndo mtaji wake wote. Akilitangaza, msimu ujao anakuta magari matupu.

Kwetu huwezi kuingia porini na upinde hivi hivi, sheria ya wanyamapori ya 2009 inataka kibali. Ila asali ina tabia ile ile ya elki. Mzinga wa gome hauna kufuli. Unatundikwa juu ya mti, mwenyewe anarudi nyumbani, anauacha miezi. Ulinzi wake ni kwamba wanaojua ulipo ni wachache. Ukituma ile alama kwa watu 200, umewapa funguo za nyumba isiyo yako. Na mwizi wa asali hana subira: anawasha moto, nyuki wanakufa, kiangazi pori linaungua. Hiyo ajira mnayoisema itatoka wapi?

Historia yetu wenyewe inatosha. Karne ya 19 misafara ilipita Tabora kufuata pembe za ndovu, na kila mahali penye tembo palipojulikana sokoni, bunduki zilifuata. Mwisho wafanyabiashara ikabidi wavuke Ziwa Tanganyika mpaka Manyema, tembo wa huku wamepungua. Na maeneo hayaongezeki: Ugalla iliyokuwa pori la akiba ikawa hifadhi ya taifa 2019, na sheria za hifadhi ya taifa ni kali zaidi.

Najua mtaniambia: we si unasomea ualimu, mwalimu gani anaficha? Swali zuri, maana kuna wazee wanaoficha mpaka ujuzi, na hao siwatetei. Kuchagua mti, kutengeneza mzinga, kurina bila kuua kundi, hayo yafundishwe darasani, hadharani, bure. Lakini mahali ni kitu kingine. Mahali unampa mtu uliyemfundisha, ukamwona anazima moto wake na anawaachia nyuki chakula chao.

Hata ndege anayeonyesha asali hamfuati kila mtu. Utafiti uliochapishwa 2023 ulionyesha kwamba kwa Wahadzabe anaitikia zaidi mluzi wa Wahadzabe, na kwa Wayao wa Msumbiji anaitikia zaidi mwito wa Wayao. Lazima ujifunze kwanza kuita kama wenyeji wanavyoita.

Kwa hiyo anayetaka kurina Sikonge aende kwa mzee, abebe kamba na maji msimu mzima, ataonyeshwa. Anayetaka alama kwenye simu asubiri sana.

Mwenye hoja ya kupinga anikute kantini. Chai ananunua yeye.