Kiti cha Jaji Kikiwa Wazi, Sisi Tuko Wapi?

Siku ya uchaguzi, nje ya kituo cha kura hapa Brooklyn Park, mzee mmoja wa kwetu alinishika mkono kabla sijafika kwenye gari. Kofia bado alikuwa ameikunja kiganjani. Upande wa kwanza wa karatasi haukumpa shida, maana wale wote aliwajua. Alipoigeuza ndipo akakutana na majaji: majina yamepangwa kutoka juu hadi chini, karibu kila kiti jina moja tu, na chini ya jina neno la kumjulisha mpiga kura kwamba huyu ndiye aliyeko kitini sasa. "Mhariri," akaniuliza, "hivi pale nimechagua, au nimeitikia amina?"

Mzee wangu, uliitikia amina.

Katiba ya Minnesota inasema majaji huchaguliwa na wananchi kwa muhula wa miaka sita. Lakini jaji akitimiza miaka 70 hana budi kustaafu, na wengi huondoka kabla muhula haujaisha. Kiti kikibaki wazi namna hiyo, katiba ileile inampa gavana mamlaka ya kukijaza. Aliyeteuliwa hukaa zaidi ya mwaka mmoja kabla ya kupelekwa mbele ya wapiga kura, na akifika huko anakuja na lile neno la kumtambulisha, mara nyingi bila mpinzani. Kwa hiyo majaji wetu wengi walishapata kazi zamani, siku ambayo wewe na mimi hatukuwa na habari.

Kazi hiyo hupatikana hivi. Nafasi ikitokea katika mahakama ya wilaya, kwanza Mahakama ya Juu ya jimbo huamua ndani ya siku 90 kama kiti kibaki pale kilipo, kihamishiwe wilaya nyingine au kifutwe kabisa. Kikibaki, sheria inaipa kazi tume ya kuchuja waombaji. Tume ina wajumbe tisa wa jimbo zima, na kila wilaya kati ya zile kumi ina wanne wake. Wengine wameteuliwa na gavana, wengine na majaji wa Mahakama ya Juu, na si wote mawakili. Tume hutangaza nafasi, hupokea maombi, huhoji watu, kisha humpelekea gavana majina yasiyopungua matatu wala kuzidi matano.

Hapa wasomaji wetu wa Kenya watanikatiza. Kwetu Tume ya Huduma za Mahakama ikishapendekeza, Rais hana la kuchagua, kazi yake ni kuteua. Ndivyo mahakama zilivyosema, ingawa tuliona majina 41 yaliyopelekwa mwaka 2019 yakikaa kwenye meza miaka miwili, kisha 34 yakapita Juni 2021 na majaji sita wakasubiri mpaka Septemba 2022, Rais mwingine alipoingia Ikulu. Hapa Minnesota gavana akiikataa orodha anaweza kuteua mtu wa nje yake, na hajavunja sheria. Mimi napenda zaidi utaratibu wa kwetu, japo ulitutoa jasho. Ila sheria ya hapa ina mlango ambao hatujawahi kuugusa: inaitaka tume iwatafute na kuwahimiza wanawake na watu wa jamii za wachache waombe, na miongoni mwa sifa za kupimwa imetaja utumishi kwa jamii. Nani atashuhudia utumishi huo kama sisi tunanyamaza?

Kwamba mambo haya hupiganiwa, muulizeni Alan Page, mchezaji mashuhuri wa zamani wa Minnesota Vikings. Mwaka 1992 alitaka kugombea kiti cha Mahakama ya Juu. Gavana Arne Carlson akamwongezea muda jaji aliyekuwapo, na uchaguzi wa kiti hicho ukawa umefutika. Page akaenda mahakamani, akashinda, kiti kikarudishwa kwa wapiga kura, akakipata. Akawa jaji wa kwanza mweusi katika mahakama hiyo, hadi alipofikisha miaka 70 mwaka 2015.

Nani anakaa pale juu si jambo dogo. Niliwahi kumsindikiza mama mmoja wa Lubumbashi kwenye kesi ya kutolewa nyumbani. Mkalimani alikuwa kwenye simu, Kiswahili chake cha Mombasa. Mama akaeleza kwamba alipeleka makuta ofisini, yaani pesa ya kodi. Mkalimani akasikia kuta, na chumba kizima kikaanza kuzungumza habari za ukuta. Jaji mwenye haraka angepitisha hukumu pale pale. Huyu alimtazama mama usoni, akaona kuna kitu hakikukaa sawa, akasimamisha kesi mpaka apatikane mkalimani wa Kongo. Jaji huyo naye aliingia kwa kuteuliwa, kiti kilipokuwa wazi.

Basi tusingoje Novemba. Vijana wetu waliosomea sheria na kupata leseni ya hapa waombe, hata wakikosa mara mbili. Wasio mawakili waombe nafasi katika tume yenyewe. Nasi tulio wengine, tangazo likitoka tuandike barua: tueleze mahakama ya kaunti yetu inahitaji jaji wa namna gani, na tunamjua nani.

Nafasi ikitangazwa katika kaunti yetu ya Hennepin, tutaiweka ukurasa wa mbele. Mzee wa kofia ameshaahidi barua ya kwanza, ameiandika kwa mkono, kurasa nne. Anatafuta kijana wa kumchapia. Mwenye nafasi atupigie ofisini Jumamosi baada ya saa nne.