Kushika kifimbo si kupimwa MRI

Hapa Bagamoyo, kama ilivyo miji mingi nchini, utasikia matangazo ya “kipimo cha mwili mzima”. Unashika kifimbo cha chuma kilichounganishwa na kompyuta, na dakika moja baadaye unapewa karatasi: ini, figo, kizazi, vyote vina hitilafu. Dawa zinauzwa hapohapo. Ukiuliza, unaambiwa kifaa kinasoma sumaku ya mwili kama MRI.

Si kweli. MRI nyingi za hospitali zina sumaku ya tesla 1.5, yenye nguvu mara elfu nyingi kuliko ya dunia. Mgonjwa hulala ndani yake kwa dakika 20 au zaidi, mawimbi ya redio yakiamsha hidrojeni iliyomo kwenye maji ya mwili ili picha ipatikane.

Ni kweli mwili hupitisha umeme. Maji ya bahari huupitisha vizuri kuliko maji ya mvua. Uvimbe wa saratani nao mara nyingi huupitisha kuliko nyama inayouzunguka. Watafiti wanajaribu kuchora tofauti hiyo kwa MRI, na bado ni utafiti. Kifimbo kitaiwezaje?

Kwa maoni yangu, biashara hii ikomeshwe. Mzazi, mtoto akiumwa kichwa na kutapika kila asubuhi, au kichwa cha mchanga kikikua haraka, mpeleke hospitali ya wilaya leo. Ikihitajika MRI, utapewa rufaa. Siku hiyo vueni hirizi, heleni na pini za mtandio, na mseme kama kuna chuma mwilini.