Chama Chetu cha Tamthilia Kisiishie Kwenye Usiku wa Tuzo

Mwezi uliopita nilihudhuria mkutano wa chama chetu cha watengenezaji wa tamthilia za mtandaoni hapa Mombasa. Ajenda ilikuwa na mambo tisa, na sita kati yake yalihusu usiku wa tuzo: ukumbi, zulia jekundu, mgeni rasmi, bei ya meza, sare za kamati na nani atakuwa mshereheshaji. Nilipoinua mkono kuuliza habari za mikataba, niliambiwa swali langu lingojee "mengineyo". Tulipofika kwenye mengineyo, adhana ya Magharibi ilikuwa inasikika. Mkutano ukafungwa kwa dua.

Sina ugomvi na tuzo. Kijana aliyerekodi kwa simu na kuhariri usiku kucha anastahili kupigiwa makofi siku moja. Lakini wazee wetu walisema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na chama nacho hupimwa kwa kipimo hicho hicho. Mimi dhiki yangu naikumbuka.

Miaka miwili iliyopita, mimi na wenzangu wanne tulitengeneza tamthilia ya vipindi vinane. Tulirekodi Kibokoni na nyumbani kwa shangazi yangu Likoni. Mfanyabiashara mmoja alitwambia tumtengenezee, akatoa pesa za nauli, chakula na kukodi kamera. Hatukuandikiana kitu. Tulikunywa kahawa, tukapeana mikono, tukaona yameisha. Kipindi cha tano kilipoanza kupendwa, yule bwana akataka vyote vihamie kwenye chaneli yake, akisema kazi ni yake. Tukakimbilia chamani. Kiongozi mmoja alitusikiliza kwa huruma, akashusha pumzi, kisha akasema, "Poleni sana, wanangu. Na meza yenu mumeshalipia?"

Baadaye nilipoisoma sheria ndipo nilipojua tulikosea wapi. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inasema kwamba mtu akiagiza kazi itengenezwe, hakimiliki huhesabiwa kuwa imehamia kwake, isipokuwa pande mbili ziwe zimekubaliana vingine. Maana yake, kimya chetu kilikuwa hoja yake. Karatasi moja yenye sahihi mbili ingetosha kutulinda, lakini katika chama kizima hapakuwa na mtu aliyekuwa na nakala ya karatasi hiyo.

Tusidhani maradhi haya ni yetu peke yetu. Kule Marekani mwaka 2008 kilianzishwa chama kiitwacho International Academy of Web Television, kwa ajili ya watu wa tamthilia za mtandaoni. Wanachama wake ndio waliokuwa wakipiga kura katika tuzo za Streamy, zilizoanza 2009. Hafla ya pili, iliyofanyika Los Angeles Aprili 2010, ilikwenda mrama. Mitambo ilisumbua, mizaha ikawa michafu, na watengenezaji wengi walitoka wakilalamika kwamba wamevunjiwa heshima. Chama kikaachana na waandaaji wale na kuanzisha tuzo zake chenyewe, ambazo hafla yake ya kwanza ilikuwa Las Vegas Januari 2012. Mimi hapo nasoma funzo moja: chama kikiifunga heshima yake kwenye usiku mmoja, usiku ule ukiharibika heshima nayo huingia shimoni.

Mfano wa pili unatoka nchi hiyo hiyo. Chama cha waandishi wa filamu na televisheni, Writers Guild of America, kiligoma kuanzia Novemba 2007 hadi Februari 2008, siku 100. Miongoni mwa madai yao makubwa ilikuwa malipo ya kazi zinazoonyeshwa kwenye intaneti, wakati ambapo wengi walikuwa bado wanaiona intaneti kama mchezo. Nao pia hutoa tuzo kila mwaka, na watu huvaa wakapendeza. Lakini nguvu ya chama chao ni mkataba. Sisi hatuna ubavu wa kugoma siku 100, wala hatuna studio za kuzigomea. Tunachoweza kuiga ni mpangilio: kwanza mkataba, kisha makofi.

Basi nini kifanyike? Kwanza, chama kimlipe wakili mara moja tu atuandikie mikataba mitatu ya mfano kwa Kiswahili chepesi: baina ya mtengenezaji na mdhamini, baina ya mtengenezaji na mwigizaji, na baina ya washirika wenyewe kwa wenyewe. Kila anayelipa ada apewe nakala. Gharama yake sidhani itafika robo ya bei ya ukumbi tunaoutaka.

Pili, awepo mtu wa kuulizwa. Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani inataka leseni kabla ya kurekodi filamu ya kuonyeshwa hadharani, na tangu tarehe 1 Julai 2023 malipo ya maudhui ya mtandaoni hukatwa kodi ya asilimia 5. YouTube nayo haikugawii pesa za matangazo mpaka uwe na wafuasi 1,000 na, kwa njia ya video ndefu, saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12. Mtoto wa Kisauni hujifunza haya kwa kuumia, mmoja mmoja, ilhali chamani tuko tulioumia zamani. Saa mbili kila Jumamosi zingetosha kupokezana maarifa.

Tatu, hesabu zisomwe. Sheria ya Vyama inataka mkutano mkuu kila mwaka na maelezo ya pesa mbele ya wanachama. Simtuhumu mtu. Lakini mweka hazina asiyesoma hesabu hujipakia mwenyewe tuhuma asizostahili.

Nne, wenzetu wa Lamu, Tana River na Taita Taveta wanalipa ada sawa na sisi, lakini kura hupigwa Mombasa na anayekosa nauli amekosa sauti. Mikutano ifanyike pia kwa simu, na kila kaunti iwe na kiti kwenye kamati.

Najua jibu la kamati, kwa sababu nimeshalisikia: bila usiku wa tuzo hakuna wadhamini, na bila wadhamini hakuna chama. Hoja hiyo ina uzito. Ila mdhamini hufuata palipo na kazi nzuri inayotoka kila wiki, na kazi haitoki ikiwa mtengenezaji amenyang'anywa ya kwanza na hana moyo wa kuanza ya pili. Katika sisi watano wa tamthilia ile, wawili wameshaacha. Mmoja anauza viatu Kongowea, na alikuwa mwandishi hodari kunishinda mimi.

Mkutano mkuu uko karibu. Ombi langu kwa wanachama wenzangu ni dogo: mikataba na hesabu ziwe za kwanza kwenye ajenda, kabla ya ukumbi na sare, tuzijadili kungali na jua. Tukimaliza hayo, nitalipia meza yangu kwa furaha, na kiti kimoja nitamwekea yule muuza viatu.