Mafua ya mtoto na ahadi ya kurudi

 

Katika Sahihi ya Muslim mna kisa kifupi kilichopokewa kutoka kwa Salama bin Al-Akwaa. Mtu mmoja alipiga chafya mbele ya Mtume, swalla Llahu alayhi wa sallam, naye akamwombea rehema kama tulivyofunzwa sote. Yule mtu akapiga chafya tena. Mara hii Mtume akasema kuwa mtu huyo ameshikwa na mafua. Tulikisoma kisa hiki tukiwa watoto chuoni, na kwa miaka mingi tukakisomesha kama adabu ya chafya tu. Baridi ya Ruiru ndiyo iliyotufunza kukitazama upya. Dua ilitangulia, kisha jicho likaendelea kuangalia.

Asubuhi moja ya Julai mwaka jana, ukungu ukiwa bado haujaondoka, mama mmoja katika jamaa zetu waliohamia huku kutoka Pwani alituletea mwanawe wa miezi mitatu. "Maalim, mtoto ana mafua na hakulala. Nisomee." Tulimsomea. Tulimwuliza kama amempeleka kwa tabibu, akasema amempeleka jana yake. Ameambiwa ni virusi, amepewa dawa ya homa, na ameagizwa amrudishe upesi iwapo pumzi zitakwenda mbio au atashindwa kunyonya. Tulitua moyo kusikia kuwa ni mafua tu. Mtoto alikuwa amezongwa shali mbili juu ya sweta, nasi hatukuomba afunuliwe kifua, wala hatukuuliza pumzi zinakwendaje.

Usiku ule aliacha kunyonya. Baba alikuwa safarini na nauli haikuwapo nyumbani. Zaidi ya hayo, mama aliona haya kurudi mahali alipoambiwa jana kuwa hakuna jambo kubwa. Alingoja mpaka alfajiri. Mtoto alitiwa oksijeni kwa siku nne, na kwa fadhila za Mola akarudi nyumbani salama. Mama alipotusimulia hakutulaumu, na kutolaumiwa huko ndiko kunakotuuma hadi leo.

Tulipolitafakari jambo hili tuliona kuwa tabibu yule hakukosea. Vikohozi vingi vya watoto wadogo husababishwa na virusi, na dawa za antibiotiki haziui virusi. Mzazi anayenunua kapsuli dukani bila kuandikiwa, au anayemnywesha mtoto masalio ya chupa ya kakake, hamsaidii kitu, na huenda akamdhuru. Hata kamasi ya kijani, ambayo akina mama wengi huiogopa, si dalili peke yake kuwa antibiotiki inahitajika. Lakini tabibu anaposema "ni virusi, nenda nyumbani, ukiona hivi na hivi urudi," amekupa sehemu mbili za tiba. Sehemu ya kwanza ni dawa iliyo mkononi mwako. Ya pili ni kurudi, na hiyo ndiyo tunayoiacha mlangoni tukitoka. Neno "virusi" masikioni mwetu limekuwa na maana ya "si kitu". Tulipitia mwaka 2020, tukaona misikiti ikifungwa kuanzia Machi na madrasa kunyamaza kwa miezi mingi kwa sababu ya kirusi kimoja, na bado tunasema "ni virusi tu".

Basi mama aangalie nini? Kwanza pumzi. Mtoto awe ametulia, asiwe analia wala ananyonya. Mfunue kifua na tumbo, shika saa au simu, uhesabu mara ngapi kifua kinapanda kwa dakika moja nzima. Usihesabu nusu dakika ukazidisha kwa mbili, kwani pumzi za mtoto mchanga hazina mpangilio. Kwa mtoto wa chini ya miezi miwili, pumzi 60 au zaidi ni za mbio. Kuanzia miezi miwili hadi kabla ya kutimiza mwaka, ni 50 au zaidi. Kuanzia mwaka mmoja hadi kabla ya miaka mitano, ni 40 au zaidi. Hivi ndivyo vipimo vya Shirika la Afya Duniani, na ndivyo wanavyovitumia wauguzi wetu katika zahanati.

Kisha angalia sehemu ya chini ya kifua. Ikiwa inabonyea ndani kila avutapo pumzi, usingoje. Usingoje pia akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, akishikwa na degedege, akilegea au akawa mgumu kuamka, akitoa sauti ya kukwaruza kooni avutapo pumzi ilhali ametulia, au midomo ikigeuka rangi. Na mtoto wa chini ya miezi miwili mwenye homa, au aliyepoa mwili isivyo kawaida, au asiyenyonya vizuri, huyo ni wa hospitali moja kwa moja, saa yoyote iwayo.

Mambo yakiwa si hayo, mlee nyumbani: maziwa ya mama mara nyingi zaidi kuliko kawaida, pua isafishwe kabla ya kunyonya, homa ishushwe kwa dawa aliyoandikiwa. Asipopata nafuu kwa siku tano, arudishwe akaangaliwe. Aliyekutwa na nimonia akapewa dawa, arudishwe baada ya siku mbili au tatu hata kama anaonekana nafuu, ili tabibu ajue kama dawa imeshika. Na kikohozi kilichopita siku 14 hakiitwi mafua tena. Kipimwe, maana huenda kukawa na pumu au kifua kikuu nyumbani mwenu.

Kuna jambo jingine, nalo linatugusa sisi walimu. Kuanzia Disemba 2009 hadi Juni 2010, watafiti wa KEMRI na Wellcome Trust kule Kilifi walizifuata kaya 47 zenye watoto wachanga. Mara mbili kwa juma walichukua vipimo vya pua vya watu wa nyumba, wakubwa kwa wadogo. Walikuwa wakikitafuta kirusi kiitwacho kwa kifupi RSV, ambacho kwa mtu mzima ni mafua, na kwa mtoto mchanga huweza kuziba njia ndogo za hewa hadi kifua kikalia kama mluzi. Walitaka kujua nani anayekiingiza nyumbani. Mara nyingi, kirusi kilipomfikia mchanga kutoka ndani ya nyumba, aliyetangulia kukipata alikuwa kaka au dada yake mkubwa, hasa anayekwenda shule. Tena baadhi ya waliokuwa na kirusi hawakuwa na dalili yoyote.

Shule hiyo kwa upande mwingine ni madrasa. Sisi ndio tunaowakalisha watoto goti kwa goti mkekani, wakinywea kikombe kimoja, na anayekosa darasa kwa kikohozi tukimwita mvivu. Hapo tumekosea, na tumebadilisha. Mtoto mwenye mafua abaki nyumbani bila adhabu, na kila mmoja aje na kikombe chake. Akirudi nyumbani anawe mikono kwa sabuni kabla ya kumbeba mdogo wake. Kufunika uso wakati wa chafya ni sunna. Hatuhitaji bango la serikali kutukumbusha.

Na kwa kuwa tunaitwa mara kwa mara kufanya tahniki, tuseme wazi: tukiwa na mafua, hatuji. Mwenye kikohozi asitafune tende kumtilia mchanga kinywani, awe babu au sheikh. Asali nayo, ambayo Qur'ani imetaja kuwa ndani yake mna ponyo, haifai kwa mtoto ambaye hajatimiza mwaka, kwani huweza kubeba vijidudu vinavyozalisha sumu katika utumbo wake mchanga. Kwa aliyepita mwaka, kijiko kidogo cha asali hutuliza koo vizuri. Tunajua wako watakaotuandikia kuhusu hili. Waandike; dawa ina umri wake kama vile saumu ilivyo na umri wake.

Udi na ubani twaupenda, lakini usifukizwe katika chumba cha mtoto anayekohoa. Jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa ni hatari kubwa zaidi. Moshi huumiza mapafu, na ile hewa ya sumu isiyo na harufu huua nyumba nzima usingizini. Vyumba vyetu vya kupanga hapa Ruiru ni vidogo na baridi ni kali, hilo tunalijua. Mvalishe mtoto, mkumbatie kifuani, na jiko libaki nje.

Akina baba, sasa ni zamu yenu. Mke asisubiri ruhusa ya simu saa nane za usiku ndipo mtoto apelekwe. Ruhusa itolewe leo, mtoto akiwa mzima, na nauli ya kwenda na kurudi iwekwe mahali mama anapopajua. Namba ya jirani mwenye gari iandikwe. Mfahamuni pia mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa wenu. Tangu Septemba 2023 serikali imewapa wahudumu hao mikoba ya vifaa ili wazitembelee nyumba zetu, na mama anayeona haya kurudi kituoni anaweza kuanza kwa kumpigia yeye.

Jumamosi hii, baada ya darasa la akina mama, dada yetu mmoja aliye muuguzi atatufunza kuhesabu pumzi. Nasi pia tutakuwapo kujifunza. Njooni na watoto, hata wasio na mafua, maana ni vizuri kujua pumzi za mwanao zinavyokwenda akiwa mzima. Na kila mmoja aje na saa au simu yenye kuonyesha sekunde.