Dawa ya deni la sindano ni kulipa

Homa ya ini aina ya C inapona, tena inapona kabisa. Mgonjwa akimeza vidonge vya sofosbuviri na daklatasviri kila siku kwa wiki 12, nafasi yake ya kubaki bila kirusi mwilini inazidi asilimia 95. Halazwi wala hachomwi sindano. Sofosbuviri ilipoingia sokoni Marekani mwishoni mwa 2013, kidonge kimoja kiliuzwa dola 1,000, na dozi nzima dola 84,000. Leseni zilipowafungulia mlango watengenezaji wa dawa za bei nafuu, dozi ya dawa zote mbili ikashuka hadi takriban dola 60 kwa wanunuzi wa jumla. Hata hivyo, Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa ugonjwa huu uliua watu 242,000 mwaka 2022. Maradhi yenye tiba ya bei hiyo yakiendelea kuua, kirusi hakibebi lawama peke yake. Wapo waliokabidhiwa kazi ya kuifikisha tiba, na wao ndio tunaosema nao leo.

Tuanze na asili ya deni. Kirusi hiki hupita kwa damu. Katika karne iliyopita, serikali za kikoloni Afrika ya Kati zilituma vikosi vya tiba vijijini kupambana na malale na maradhi mengine. Sindano chache zilipita mikono mingi, zikichemshwa haraka au zisichemshwe kabisa. Nchini Misri, kampeni ya sindano dhidi ya kichocho, iliyoendelea hadi miaka ya 1980, iliacha mojawapo ya milipuko mikubwa kabisa ya homa ya ini C duniani. Nia ilikuwa njema, na kirusi chenyewe hakikutambuliwa hadi 1989. Ila nia njema haifuti deni. Ndiyo maana katika Kongo na Rwanda ugonjwa huu umejaa zaidi kwa wazee kuliko kwa vijana. Wengi wao waliupata kwa kosa moja tu: walimtii mganga wa serikali na kunyoosha mkono.

Sasa tutazame Nakivale. Makazi haya ya wakimbizi ya wilaya ya Isingiro, Uganda, yalianzishwa 1958, na muda si mrefu yakawapokea Wanyarwanda waliokimbia machafuko ya 1959. Leo watu zaidi ya 150,000 wanaishi humo: Wakongo, Warundi, Wasomali, Wanyarwanda, Waethiopia na wengine. Kiswahili ndicho kinachowakutanisha wengi wao sokoni, kanisani, msikitini na kwenye foleni ya kliniki. Wazee wa Kivu na wa Rwanda wamo humu. Homa ya ini C haiwapigii hodi. Inaweza kukaa miaka 20 au zaidi bila dalili, huku ini likikakamaa taratibu, hadi siku tumbo linapojaa maji au saratani inapogundulika. Anayesubiri mgonjwa ajilete mwenyewe amekwisha kuamua kumpokea akiwa amechelewa.

Hata akigundulika mapema, mazoea yetu ni karatasi ya rufaa. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mbarara iko takriban kilomita 60 kutoka makazini. Hizo kilomita maana yake ni boda boda, kisha gari, kisha foleni, kisha kurudi wiki nyingine kuchukua majibu, kwa mtu anayeishi kwa mgao unaozidi kupungua na jembe la kukodisha. Rufaa ambayo mgonjwa hawezi kuilipia nauli ni mlango uliofungwa kwa adabu.

Hakuna tena sababu ya kitaalamu ya kuufunga. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilielekeza kwamba kipimo na tiba ya homa ya ini C vishushwe hadi vituo vya afya vya msingi, na kwamba madaktari wasio mabingwa na wauguzi waliofundishwa waruhusiwe kutibu. Uganda haikuhitaji kufundishwa somo hilo na mtu wa mbali. Utafiti wa DART, uliofanyika Uganda na Zimbabwe kwa wagonjwa zaidi ya 3,300, ulionyesha kuwa ARV, dawa za UKIMWI, zinaokoa maisha hata pale vipimo vya maabara vya mara kwa mara visipopatikana. Leo muuguzi wa kituo cha afya anasimamia ARV ambazo mgonjwa atazimeza maisha yake yote. Ni kwa hoja gani asiaminiwe na vidonge vya wiki 12?

Kazi yenyewe haina fumbo. Tone la damu ya kidole huonyesha kama mtu amewahi kuambukizwa. Kwa kuwa takriban watu 30 katika kila 100 hujiondolea kirusi bila dawa, kipimo cha pili huhakikisha kama bado kimo. Mashine ya GeneXpert, iliyozoeleka kwa kifua kikuu, ina katriji yake kwa kazi hiyo. Kisha mgonjwa apimwe homa ya ini B, kwa sababu dawa za C zinaweza kuiamsha B iliyolala. Anayemeza rifampisini amalize kwanza tiba ya kifua kikuu. Mwenye ini lililoharibika hadi tumbo kujaa maji au akili kuvurugika, huyo apelekwe Mbarara bila kuchelewa. Wengine watibiwe pale pale. Wiki 12 baada ya kidonge cha mwisho, damu ipimwe tena. Kugawa dawa bila kipimo hicho ni kulima bila kurudi shambani kuvuna.

Kipimo hicho cha mwisho kina uzito wa pekee katika eneo letu. Utafiti uliofanyika Rwanda kwa wagonjwa 300, kwa kutumia sofosbuviri na ledipasviri, uliponya asilimia 87. Lakini wenye tawi la kirusi linaloitwa 4r walipona zaidi kidogo ya nusu tu. Wapo watakaoishika habari hiyo kama kisingizio cha kurudisha kila mgonjwa kwa bingwa. Rwanda yenyewe haikurudi nyuma: Desemba 2018 ilitangaza mpango wa miaka mitano wa kuutokomeza ugonjwa huu, na ikaishusha huduma hadi vituo vya afya. Wachache ambao dawa ya kwanza haikuwaponya ndio wanaopaswa kumfikia bingwa, na kituo kiwatambue kwa kuwapima.

Hapo ndipo wajibu wa Mbarara unapoonekana. Mji huu una chuo kikuu cha sayansi na teknolojia kinachofundisha madaktari tangu 1989, una hospitali ya rufaa, una benki ya damu, na una kituo cha utafiti cha Epicentre cha Madaktari Wasio na Mipaka. Utaalamu wa namna hiyo haukuwekwa uwe mnara wa kutazamwa kutoka mbali. Mabingwa wa Mbarara wawafundishe wauguzi wa Isingiro, wapokee simu zao, wachukue wagonjwa wazito. Benki ya damu, inayopima kila chupa kwa UKIMWI, kaswende na homa ya ini B na C, isiishie kuimwaga damu yenye kirusi. Aliyeitoa aelezwe kwa faragha na aoneshwe njia ya tiba.

Wizara ya Afya nayo isijifiche nyuma ya aina ya B. Chanjo na tiba ya B zinastahili pongezi, lakini C haina chanjo. Silaha yake ni kupima, kutibu na kuzuia. Nakivale haihitaji sheria mpya. Mpango wa sekta ya afya kwa wakimbizi uliozinduliwa 2019 ulikwisha kuweka msingi kuwa mkimbizi na mwenyeji watumie huduma moja. Kwa hiyo mkulima wa Isingiro na mzee wa Kivu wapimwe kwenye benchi moja, na vidonge vya wote wawili vipitie ghala moja. Ofisi ya Waziri Mkuu, UNHCR na mashirika yanayoendesha vituo makazini waketi na wizara, wakubaliane nani ananunua vipimo, nani ananunua dawa na nani anajibu rafu ikikauka. Jukumu lisilo na jina huwa la hakuna.

Na deni jipya lisikopwe. Kila sindano iwe mpya, kila kifaa cha upasuaji na cha meno kitakaswe ipasavyo, na wahudumu wa afya wa vijiji wawaeleze watu hatari ya wembe wa chale unaopita mkono kwa mkono. Tiba bila usalama wa sindano ni kujaza pakacha maji.

Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Mzee anayekaa leo chini ya turubai la Nakivale hakuombwa nauli alipokuwa mtoto. Kikosi cha tiba kilimfuata hadi kijijini kwao na sindano yake. Tiba nayo imfuate alipo.