Sinema ya Taifa na Mtazamaji wa Bahi

Wapo wasemao kwamba historia ya sinema ya Tanzania ni fupi, na kwamba atakaye kuitungia filamu ya makala ataimaliza kwa saa moja. Ataanza na Kampuni ya Filamu Tanzania ya mwaka 1968, ataitaja Arusi ya Mariamu ya 1985 na Maangamizi ya 2001, kisha ataishia Dar es Salaam kwa msiba wa Steven Kanumba wa mwaka 2012. Hesabu hiyo si ya uongo. Lakini ni hesabu ya watengenezaji watupu, mtazamaji hamo.

Na mtazamaji hakukaa mijini peke yake. Kwa wakazi wa vijiji vya bara, mfano wa Bahi katika nchi ya Wagogo, sinema haikuwa jumba lenye viti kama Majestic ya Unguja. Ilikuwa lori, injini ya umeme, na kitambaa cheupe kilichotandazwa gizani. Desturi hiyo ni kongwe kuliko Kampuni yenyewe. Kati ya 1935 na 1937 Waingereza Latham na Notcutt, wakiwa Vugiri katika milima ya Usambara, walipiga filamu 35 kwa fedha za Carnegie kutoka Marekani, wakazitembeza kwa lori Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Zilihusu safura, ngozi za ng'ombe, akiba ya posta: mwalimu ni yule yule, na mjinga ni yule yule. Picha zilikuwa bubu. Sauti ilitoka katika sahani za santuri, ili picha moja iseme Kiswahili hapa na lugha nyingine kule. Zilizosalia ni chache mno, nazo zimehifadhiwa Uingereza.

Baadaye wakubwa wa filamu za kikoloni walishikilia kwamba Mwafrika hawezi kufuata picha iendayo mbio, hivyo aonyeshwe kila jambo polepole, kama mgonjwa anyweshwaye uji. Lakini katika miaka ile ile ya 1950 aliyecheza katika Muhogo Mchungu alikuwa Rashidi Kawawa, na mwaka 1962 alikuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika.

Jibu kubwa zaidi lilitoka vibandani. Humo Lufufu na wenziwe walisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili, wakichanganya mizaha yao. Santuri ilisema kwa niaba ya serikali; Lufufu alisema upande wa waliolipa kiingilio. Mhakiki asemaye kwamba hana nafasi katika historia kwa kuwa hakupiga filamu, basi na aiondoe Juliasi Kaizari ya Mwalimu Nyerere katika fasihi ya Kiswahili, kwa kuwa mtungaji ni Shakespeare.

Kazi hii haingoji. Aliyekuwa na miaka kumi mwaka 1950 amekwisha kuvuka themanini. Mtengeneza filamu atatafuta fedha za kwenda Uingereza kutazama mikebe, na ni haki aende. Bahi ipo karibu na Dodoma, kwenye njia ya reli. Ashuke hapo awaulize wazee kama lori liliwafikia, waliona nini, na walicheka wapi.